Mwaka Niliojifunza Kuokota

Baba mkwe wangu tulimzika Alhamisi, upepo wa Singida ukitupiga vumbi usoni, na kwenye matanga kila aliyesimama kumzungumzia alisema jambo lile lile: mzee alikuwa mtu wa kimya. Mchungaji alisema, mwenyekiti wa mtaa alisema, na mzee mmoja aliyefanya naye kazi reli kule Manyoni alisema pia, ingawa yeye alitabasamu kidogo alipokuwa akisema. Nilikuwa nimekaa na wanawake kwenye jamvi, nimejifunga kanga kiunoni, nikainamisha uso. Walidhani nalia. Nilikuwa nalia kweli, lakini pia nilikuwa nimekumbuka siku aliyoniandikia kwenye simu: "Hiyo nane ya kopa unayoikumbatia tangu uiokote, mwenzake nimemtupa zamani. Fungua macho." Mtu anayeandika hivyo si mtu wa kimya. Ni mtu aliyekosa mahali pa kusemea, na kuanzia mwaka mmoja mahali hapo pakawa mchezo wa karata, na aliyekuwa upande wa pili ni mimi.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, ndoa yangu ina miaka miwili, sina mtoto. Mume wangu Elisha alikuwa kambini kusini kwenye ujenzi wa barabara, akija nyumbani mara moja kila baada ya miezi minne. Mama mkwe alifariki mvua zilipokuwa zinaishia, na katika nyumba yetu, mtaa wa Mwankoko, tukabaki watatu: baba, mimi, na wifi yangu Debora, mdogo wake Elisha, aliyekuwa akiuza kwenye duka la dawa za mifugo mjini kwa zamu ya asubuhi na kurudi na bodaboda mchana. Nyumba yenyewe haikuwa kubwa. Mbele kulikuwa na sebule na kibaraza, kulia chumba changu na cha Debora, na kushoto nyuma chumba cha baba, ambacho sikuwahi kuingia. Jiko lilikuwa banda la bati lililoegemezwa kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba, ukuta wenyewe umekuwa mweusi kwa moshi. Humo ndimo nilimoishi hasa. Nilijua kila sufuria kwa kishindo chake.

Katika nyumba ile mkwe wa kike na baba mkwe walikaa mbali, na nasema hivi bila kulalamika maana ndivyo nilivyopokewa na ndivyo nilivyoheshimiwa. Sikula naye. Sikukalia kiti chake wala benchi alilokalia. Asubuhi nilisimama kando ya kibaraza, nikapiga goti kidogo, nikasema shikamoo baba, naye akasema marahaba akitazama kuku uani, na maongezi ya siku yakawa yamekwisha. Nikiwa na neno, nilimwambia mama mkwe, naye akalipeleka. Yeye akiwa na neno, lilirudi kwa njia ile ile. Mama alipokufa ile njia ilikufa naye, na hakuna aliyefikiria kuchimba nyingine. Debora ndiye aliyefagia chumba cha baba na kumpelekea chakula. Mimi nilipika, nikasubiri sahani zirudi.

Zilirudi zilivyokwenda. Ugali wa uwele ukirudi na alama ya vidole viwili. Mlenda umeganda. Siku moja nilichinja jogoo, nikamchemsha taratibu kwa vitunguu vingi alivyovipenda, na bakuli likarudi limeguswa mchuzi tu. Nilikaa chini jikoni nikamla yule jogoo peke yangu kwa hasira, kisha nikaona aibu. "Hali, wifi," Debora akasema. "Anakaa kitandani anapanga karata. Anajigawia mwenyewe, anagawia na upande wa pili, halafu anakusanya. Walikuwa wanacheza rami na mama kila alasiri, tangu wako Manyoni kwenye nyumba za reli. Sasa anacheza na nani?"

Debora ni mtu ambaye akipata wazo halali nalo. Wiki ile ile alimpa baba simu kubwa ya zamani ya Elisha, ile iliyokufa spika ikabaki na mwanga bila sauti, akamwekea mchezo wa rami wa mtandaoni na kumfungulia meza yenye namba ya siri. Hapakuwa na shilingi ndani yake, ni pointi tu. Alimwambia, "Baba, nina rafiki yangu mjini anataka kujifunza. Anaitwa Alizeti humo." Kisha akaja jikoni akaniwekea mchezo huo huo kwenye simu yangu, akaandika jina: Alizeti.

"Una wazimu," nikamwambia. "Nicheze karata na baba mkwe?"

"Utamwona? Hutamwona. Utakaa naye? Hutakaa naye. Wewe upo jikoni, yeye yupo chumbani. Mila imevunjika wapi?"

Akatandika gunia chini, akamwaga karata za kweli alizoazima, akaanza kunifundisha. "Hizi ni nyumba nne: kopa, uru, maua, shupaza. Unagawiwa karata kumi na tatu. Kila zamu unachukua moja, unatupa moja. Watoto wa nyumba moja waliofuatana kuzaliwa, tano, sita, saba, huo ni mlolongo. Wenye jina moja kutoka nyumba tofauti, saba ya kopa, saba ya uru, saba ya maua, hao ni masomo. Jokeri ni mgeni, analala kwenye kitanda cha mtoto yeyote asiyekuwepo. Ukishazipanga zote, unafunga. Lakini lazima uwe na mlolongo mmoja usio na mgeni hata mmoja. Bila huo hufungi, hata nyingine zote ziwe zimekaa."

"Na nikifunga hivyo hivyo?"

"Unabeba pointi zote, na unachekwa."

Nilizibeba, tena mara tatu wiki ya kwanza. Mchezo ulimpa kila mtu sekunde thelathini za kuamua, na sekunde thelathini mbele ya sufuria ya uji ni kidogo kuliko unavyodhani. Tulicheza saa tisa alasiri, Debora akishatoa vyombo vya mchana. Simu yangu ilikuwa na kioo kilichopasuka lakini sauti nzima kupita kiasi. Kila karata ya mwenzangu ilipoanguka mezani ililia ting, na hatukujua namna ya kuuzima mlio huo, basi nikawa naifunika kwa ungo na kuchungulia. Na kila siku kabla sijafungua meza nilisema polepole jikoni, peke yangu, "Shikamoo baba." Niliona vibaya kuanza kumfunga mtu mzima bila salamu. Ucheke ukitaka.

Wala sikumfunga. Alinichapa siku baada ya siku, na sababu ilikuwa moja, ambayo nadhani haingempata mchezaji mwingine yeyote katika mtandao ule wote. Katika rami unaweza kulamba karata ya fungu lililofunikwa, usiyoijua, au kuokota ile aliyotupa mwenzako, ambayo iko wazi na unaiona. Mimi sikuokota. Mkono ulikuwa unakataa. Alichokiweka chini baba mkwe, mkwe anakiokotaje akakifanya chake? Alitupa sita ya maua, mimi nina tano na saba zinaisubiri, naitazama, nalamba fungu, napata takataka. Debora alikuwa akinitazama juu ya bega na kuuma kanga kwa kicheko. Kwa wiki sita nilicheza hivyo, nikijiona mwerevu wa kujificha.

Siku moja alirudi na sahani, nami niliona kwanza kwamba ugali umemegwa zaidi ya nusu. Debora aliiweka chini akasimama na mkono kiunoni. "Baba anauliza kama huyo rafiki yangu ameolewa."

"Kwa nini anauliza?"

"Anasema, 'Huyu anacheza kama mkwe wa mtu. Haokoti ninachotupa. Tangu nianze rami sijaona mchezaji wa namna hiyo.' Halafu akala. Nilipokuwa natoka akasema tena, kwa Kinyaturu, polepole: mwambie aokote. Karata ikishawekwa chini haina mwenyewe."

Amejua, nikasema. Debora akasema bila shaka amejua, mzee yule si mjinga, na mbona hakukasirika. Siku iliyofuata nilikaa na simu mapajani, sikuifunika kwa ungo. Alitupa malkia wa uru. Nilikuwa na mfalme wa uru na dume, yaani ile yenye herufi A, zinakaa bila kazi. Nikaokota. Kisha nikafungua kile kisanduku cha kuandikiana ambacho hatukuwahi kukigusa, nikaandika, "Shikamoo baba." Sekunde zake zikahesabika mpaka kumi. Likaja jibu: "Marahaba. Cheza."

Kuanzia hapo ndipo nilipojifunza kweli, maana Debora alinifundisha sheria, lakini mchezo nilifundishwa na baba. Aliandika maneno machache na makali. Tupa wakubwa mapema, mfalme asiye na nyumba ni mzigo wa pointi kumi. Shika sita na saba, hao wana jirani pande zote mbili. Mgeni usimpeleke kwenye masomo kama mlolongo wako bado. Angalia ninachookota, nimekwambia kwa mkono wangu mwenyewe ninachojenga. Na ukigawiwa karata mbovu, acha mapema upoteze ishirini, usikae kwa kiburi upoteze themanini. Hilo la mwisho lilinishinda muda mrefu. Mimi nilikuwa mtu wa kukaa. Alikuwa akinitania pia, yule mtu wa kimya. Mimi ni Mnyiramba, na nilipomfunga mara ya kwanza aliandika, "Leo Iramba watachinja." Nilicheka peke yangu mpaka kuku wakatoka jikoni. Asubuhi iliyofuata nilisimama kando ya kibaraza, nikapiga goti, shikamoo baba, marahaba, akatazama kuku. Hakuna aliyetabasamu. Sahani zilikuwa zikirudi tupu, na mara moja bakuli la maziwa mgando lilirudi limefutwa kwa ugali mpaka chini.

Mtama ulipokomaa ndipo barua ilipofika. Nilikuwa nimeomba chuo cha uuguzi Dodoma kabla mama mkwe hajaugua, na nilishasahau kuomba kwenyewe. Nafasi imepatikana, miaka mitatu, nithibitishe kabla mwezi haujaisha. Niliisoma jikoni kwa sauti, mara mbili, kwa kuwa sikuyaamini macho yangu. Kisha nikampigia Elisha nikiwa bado nimeketi kwenye kigoda, naye akafurahi, halafu akasema, "Mimi sina neno, mke wangu. Lakini baba unamwacha na nani? Muombe yeye." Nikamwambia namuombaje, njia iko wapi. Kumpitishia Debora sikuweza, kwa sababu mimi nikiondoka yeye ndiye angeacha kazi mjini aje akae na sufuria, na sikuwa na uso wa kumtuma mtu abebe ombi litakalomfunga mwenyewe. Simu ilipokatika nililia kwa muda, nikimwaga maneno kama mtu anayeongea na mafiga. Nilisema nataka kwenda. Nilisema simwachi. Nilisema vyote viwili na vyote vilikuwa kweli, kisha nikanawa uso nikasonga ugali. Debora hakuwepo, alikuwa kazini, na sikumwambia.

Zilibaki wiki mbili. Kila saa tisa nilifungua meza nimeazimia kuandika. Nikaandika, nikafuta. Sekunde thelathini zikaisha, zamu ikapita, na mchezo ukanitupia karata wenyewe, mara nyingine ile niliyoihitaji. Baba aliandika, "Mtandao wako leo mgonjwa." Nikajibu ndiyo baba. Kesho yake tena. Siku ya nne aliandika kitu ambacho siku hiyo sikukielewa: "Mimi sina haraka. Ila zamu inaisha." Niliona ni mzee tu anayetaka kucheza.

Zilipobaki siku nane niliandika yote kwa pumzi moja na kubonyeza kabla akili haijanirudisha. "Shikamoo baba. Nimepata nafasi ya chuo cha uuguzi Dodoma. Ni miaka mitatu. Naomba ruhusa. Nikikataliwa nitakaa na sitanuna." Ilikuwa zamu yake. Sekunde zikaanza kuhesabika, thelathini zikaisha, zamu ikampita. Ikaja ya pili, ikampita. Mara ya tatu mchezo wenyewe ukatangaza kwamba mwenzangu ameondoka mezani, ukanipa ushindi na yale maua yake ya rangi yanayodondoka kwenye kioo. Sijawahi kupata ushindi uliouma hivyo.

Alfajiri nilisikia pikipiki uani. Nilipotoka na uji, baba hakuwepo. Debora alijua tu kwamba ameelekea Ilongero, kijijini kwa ukoo wao. Siku nzima nilifikiri amekwenda kwa wakubwa wa ukoo kunishitaki, mkwe anayemwandikia baba mkwe mambo ya kuondoka kwenye mchezo wa karata. Hebu sema kosa hilo kwa sauti uone linavyosikika. Siku ya pili hakurudi. Nilipika nikamwaga. Niliitoa ile barua, nikaiweka karibu na moto, nikaitoa tena. Sikuwa nimeamua kuichoma. Nilikuwa nataka tu nione kama ningeweza.

Siku ya tatu, kabla ya mchana, zilikuja bodaboda mbili. Kwenye ya kwanza alikuwa baba, ameshika kofia. Kwenye ya pili alikuwa dada yake mkubwa, shangazi yake Elisha, mjane wa Ilongero, amekaa upande na godoro lake limefungwa kwa kamba nyuma yake, na kuku watatu wananing'inia kwenye usukani. Baba alipita akaingia ndani bila kutazama upande wa jiko. Shangazi yeye alikuja moja kwa moja. Nikamwamkia, akaitika, akaingia jikoni akapitisha macho kwenye vyungu vyangu.

"Nimeambiwa kuna mtu anakwenda shule," akasema. "Nionyeshe chumvi inakaa wapi."

Nilimwonyesha chumvi kwa kidole, machozi yakidondoka kwenye unga. Nilipoweza kusema, nikamuuliza, na mavuno yako shangazi, umeyaachaje kwa taarifa ya siku mbili? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi. "Siku mbili zipi? Mtama wangu nimeshaupura tangu wiki iliyopita, na nyumba nimempa mwanangu funguo. Nilikuwa nasubiri kuitwa tu."

Saa tisa alasiri simu ililia ting mapajani mwangu. Meza imefunguliwa. Hakuuliza chochote, wala hakusema lolote kuhusu Dodoma. Alikuwa ameandika jibu la salamu ya siku tatu nyuma: "Marahaba. Gawa karata."

Tulicheza kutoka Dodoma miaka yote mitatu, na baadaye kutoka Manyoni ninakofanya kazi mpaka leo, mpaka macho yake yalipokataa kutofautisha kopa na uru. Katika miaka yote hiyo hatukuwahi kukaa chumba kimoja. Lile neno la shangazi lilinikaa. Wiki iliyopita ipi, wakati mimi niliandika siku tatu tu kabla hajafika? Niliamini Elisha ndiye aliyempigia. Nilimuuliza mara kadhaa, akaapa kwamba hakumwambia mtu. Nikaacha, mambo ya ukoo yana milango yake.

Siku ya tatu ya matanga wageni walizidi, majamvi hayakutosha. Debora, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu na sauti yake imeongezeka, akaniambia, "Nenda chumbani kwa baba, kuna jamvi limeviringishwa nyuma ya mlango." Nikamkumbusha kwamba sijawahi kuingia mle. Akanitazama kwa huruma. "Wifi, aliyekuwa akikuzuia ni nani sasa?"

Niligonga. Sijui niligonga kwa nini. Nikaingia. Kulikuwa na kitanda kimoja, sanduku la bati, koti lake la reli kwenye msumari, na zile karata za karatasi zimefungwa kwa mpira juu ya dirisha linalotazama uani, dirisha zuri lenye mwanga na upepo, mahali ambapo mtu yeyote mwenye simu angeweka kiti. Kiti hakikuwa hapo. Kilikuwa upande wa pili, gizani, kimesogezwa hadi ukuta wa nyuma, na saruji chini ya miguu yake ilikuwa imelika kwa miaka ya kukaliwa hapo hapo. Juu ya kiti, karibu na paa, yalikuwa matundu ya hewa, matofali manne yenye matundu, yamepakwa masizi. Nikasimama chini yake. Nikasikia mwiko ukikwangua sufuria. Nikasikia shangazi wa Ilongero, mzee sana sasa, akilalamika kwamba vitunguu vimekatwa vikubwa. Nikasikia mtu akipangusa pua. Vyote vilikuja kama vimesemwa humo humo chumbani.

Basi alisikia. Alisikia ile ting ya kwanza kabisa, kila alipotupa karata, siku ya kwanza, na ungo wangu haukuficha kitu. Alinisikia nikimwamkia polepole kabla ya kila mchezo, akakaa wiki sita bila kuitika, kwa kuwa kuitika kungenifukuza. Alisikia barua ikisomwa mara mbili. Alisikia nikisema nataka kwenda na nikisema simwachi. Akampelekea dada yake habari, akampa muda wa kupura mtama, halafu akarudi kwenye kiti hiki kusubiri mkwe wake apate ujasiri wa kuomba mwenyewe, ili ruhusa iwe ya kuombwa na kupewa, isiwe ya kusikilizwa ukutani. Mimi nilidhani anadhani ni mtandao. Nilishika mgongo wa kile kiti. Sikukikalia.

"Wifi," Debora akaita kutoka jikoni, upande wa pili wa ukuta. "Umelipata?"

"Nimelipata," nikajibu, bila kupaza sauti, na wakanisikia.